Viatu vya Kuwekwa

Kiatu cha kushoto kilikataa kuingia. Bi Tidmarsh alikuwa amepiga magoti mbele ya mdogo wangu, kisigino mkono huu, kiatu mkono huu, na uso wake umeiva kwa hasira. Amos alikaa juu ya kigoda, ameng'ang'ania ukingo wake kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa mtoto wa miaka sita, na katika nyumba ile mtoto wa miaka sita alikwisha kujifunza kwamba kilio hakipunguzi kitu.

"Kunja vidole," alisema Bi Tidmarsh.

"Nimekunja, bibi."

"Kunja zaidi! Mguu gani huu, mguu wa punda? Dorcas, niletee sabuni. Na usinitolee macho."

Nilileta sabuni. Akaipaka kisiginoni, palepale penye kidonda cha baridi kilichopasuka, kisha akasukuma kwa nguvu zake zote na kiatu kikaingia. Nilisikia sauti iliyomtoka Amos kooni. Nje, kwenye njia ya mawe, magurudumu ya kigari yalikuwa yanakaribia, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa moyo wangu wote kwamba viatu vile visije vikavuliwa.

Najua unachojiuliza. Mtoto anayeteswa anaombaje mateso yake yasijulikane? Ngoja nikueleze. Nimezeeka sasa, sina haraka, na hakuna tena mtu wa kunikataza kusema.

Sisi tulikuwa watoto wa Jumba. Baba aliangukiwa na udongo kwenye machimbo ya matofali, na mama alikohoa kipupwe kizima hadi akamfuata. Tukapelekwa kwenye nyumba kubwa ya maskini iliyokuwa nje ya mji. Ilikuwa na jina refu la kiserikali, lakini watu wa kwetu waliiita Jumba tu, na walipoitaja walishusha sauti. Jumba lilikuwa na milango miwili ya watoto. Wavulana waliingilia upande wa mashariki, wasichana upande wa magharibi, na katikati palikuwa na ukuta mrefu. Amos nilikuwa nikimwona Jumapili kanisani, ng'ambo ya viti, kichwa chake kimenyolewa kama vichwa vingine vyote. Kumpungia mkono kulikatazwa. Nilipompungia nilinyimwa chakula cha jioni, na Jumapili iliyofuata nikampungia tena.

Ndipo wakubwa wakabuni mpango mpya. Mayatima wangekaa vijijini, kwa watu wenye nyumba zao, na mlezi angepewa posho kila juma. Bi Tidmarsh alikuja na kofia yake nyeusi, akatutazama meno, akasema, "Nitawachukua wote wawili." Nilimkumbatia pale pale, mbele za watu. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Tangu nijue kusoma nimesoma hadithi nyingi za mayatima. Nchi hii yetu ilizipenda sana hadithi hizo, watu walizilia machozi wakiwa wamekaa kando ya moto. Mlezi mbaya katika hadithi hizo huwa na jino moja, pua nyekundu, na chupa ya pombe mfukoni. Bi Tidmarsh alikuwa na meno yake yote. Pombe hakuigusa. Kanisani alikaa mstari wa mbele, na sakafu ya nyumba yake ungeweza kulia chakula juu yake, lau kama chakula kingekuwapo.

Ugonjwa wake ulikuwa ni kuweka. Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele, na katika chumba cha mbele mlikuwa na kila kitu kizuri alichowahi kukipata maishani, na kazi ya vitu hivyo ilikuwa ni kukaa. Kiti chenye mto kilifunikwa shuka ili kisikaliwe. Vikombe vyenye maua ya buluu havikunywewa. Saa ya ukutani haikutiwa ufunguo, isije ikachakaa. Bwana Tidmarsh, aliyekuwa fundi wa kukata uzio wa miti mashambani, alikula amesimama kwenye mlango wa nyuma, na nadhani alikuwa na miaka mingi hajatia mguu katika chumba kile. Wanawake wa kijiji walipopita walichungulia dirishani, na Bi Tidmarsh aliyajua macho yao na kuyafurahia. Mwanamke wa kwetu alipimwa kwa vitu alivyoweza kuviacha bila kuvitumia.

Basi siku tulipofika, Jumba lilikuwa limetupa viatu vipya, vya ngozi nene, vyenye misumari chini ya soli kwa ajili ya matope na barafu. Tulikuwa tumevivaa njia nzima tukijisikia matajiri. Mlangoni Bi Tidmarsh akapaza sauti.

"Mnavimaliza hivyo kwa mawe! Vueni. Viatu vizuri namna hii ni vya kuwekwa."

Akavipangusa, akavitia mafuta, akaviweka kabatini chumba cha mbele, karibu na vikombe. Kila Jumamosi alivitoa na kuving'arisha. Sisi tulikwenda peku. Baridi ilipoingia tulijifunga matambara na vipande vya gunia kwa kamba, na hivyo ndivyo tulivyokwenda shule, na hivyo ndivyo tulivyong'oa mizizi ya tanipu katika shamba lililoganda. Tulikula viazi na maji vilimochemkia. Nyama ilikuwa ya bwana, harufu yake ikawa yetu.

Tulipolala darini Amos aliiingiza miguu yake ndani ya gauni langu na kuikandamiza tumboni. Ilikuwa ya baridi hata nikashindwa kuvuta pumzi.

"Dada, tumbo lako ni jiko," alikuwa akisema.

"Na wewe miguu yako ni vyura. Lala."

Vidole vyake vilivimba, vikawa vyekundu, kisha zambarau, na visigino vikapasuka. Vyangu pia, lakini mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwa na miaka kumi. Nilimwambia Bi Tidmarsh. Hakunipiga. Aliniketisha, akanena nami kwa upole ulioniogopesha kuliko mwiko aliozoea kunipigia.

"Peleka maneno, Dorcas. Nenda kamwambie mchungaji, kamwambie mwalimu. Watakuja wawachukue, mtarudi Jumbani. Mlango wa wavulana kule, wa wasichana huku. Huyu mdogo wako utamwona lini tena?"

Katika mambo yote aliyoniambia mwanamke yule, hili ndilo nililoliamini lote. Tangu siku hiyo sikuwa na adui mwingine isipokuwa mtu yeyote mwema ambaye angetuona. Mwalimu akinitazama miguu niliificha chini ya benchi. Mke wa mchungaji akiniuliza kama nimekula, nilimwambia nimeshiba hadi naumwa.

Kisha ikaja habari ya Bi Ellacott. Alikuwa mkaguzi aliyetumwa kutoka mbali, akizunguka vijijini kutazama watoto waliowekwa kwa walezi, na ilisemekana kwamba katika kijiji cha pili aliomba kuona miguu. Uso mtu anaweza kuuosha mgeni akiwa mlangoni, alisema, lakini miguu husema ukweli. Bi Tidmarsh alizipata habari hizo kisimani, akarudi akicheka.

"Miguu? Si aitazame. Nitaiosha."

Akachemsha birika zima. Alitaka itakate, nami sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Lakini mtu aliyewahi kuugua vidonda vya baridi anajua maji ya moto yanafanya nini. Miguu ya Amos ilifura mbele ya macho yetu kama mkate uliotiwa hamira, na viatu vilikuwa ni vya mtoto aliyetoka Jumbani mwaka juzi. Ndipo sabuni ikaitwa.

"Akiingia," alisema Bi Tidmarsh akijifuta mikono, "mimi ni mama. Mmesikia? Si bibi. Mama."

Bi Ellacott aliingia ameinama, kwa kuwa alikuwa mrefu na mlango wetu mfupi. Alikuwa amevaa koti zito la rangi ya majivu, pindo lake lina matope, na viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimekongoka. Bi Tidmarsh akaondoa shuka juu ya kiti chenye mto. Nilimwona alivyokitazama kiti wakati mgeni anakikalia, nikaona kwamba kinamuuma kweli. Chai ikaletwa katika vikombe vya maua ya buluu.

"Mnakula nini hapa?" Bi Ellacott aliniuliza.

"Nyama, bibie. Jumapili."

"Na siku nyingine?"

"Nyama pia."

Bi Tidmarsh akacheka. "Huyu kwa kutia chumvi! Lakini hawalali njaa, bibie, hilo nakuhakikishia."

"Kweli mama," nilisema. Neno lile lilinikwama kidogo, kwa kuwa nilikuwa na mtu mwingine niliyemwita hivyo, na alikuwa ardhini. Bi Ellacott akanywa chai yake. Sasa alikuwa anamtazama Amos, aliyesimama ukutani ameinua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili.

"Na huyu mbona anasimama kama kuku kwenye baridi?"

"Ndivyo alivyo, bibie," nikadakia. "Anapenda michezo."

"Hebu njoo, kuku wangu. Tuvue viatu."

Nilijikuta nimekwisha kusimama kati yao. Sikuwa nimepanga.

"Vimefungwa vizuri, bibie. Ni kazi kuvifunga tena. Vyangu basi, tazama vyangu, vyangu ni vyepesi kuvua."

Alinitazama. Macho yake hayakuwa makali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Jina lako nani?"

"Dorcas Pell."

"Dorcas, unaogopa nini?"

Nilizidi kumkinga Amos kwa mgongo wangu. Akanisogeza kando kwa mkono wake, taratibu, akampakata Amos, akaanza kufungua kamba.

Kiatu kilitoka na ngozi. Bi Ellacott hakupiga kelele wala hakumwita Mungu. Aliuweka mguu ule juu ya koti lake, damu ikaingia katika kitambaa, akauacha hapo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akakigeuza kiatu chini juu. Misumari ya soli ilikuwa inang'aa. Kila msumari ulikuwa na kichwa chake cha mviringo, kizima, na ngozi ya soli ilikuwa bado ya manjano, na muhuri wa fundi unasomeka.

"Viatu hivi walipewa lini?"

"Mwaka juzi, bibie, wakati wa mavuno," alisema Bi Tidmarsh, na nakuapia uso wake uling'aa kuliko ile misumari. Alisogea mbele, akainama, akaelekeza kidole. "Na tazama! Utadhani vimetoka dukani leo. Ingia nyumba yoyote ya kijiji hiki, hutamwona mtoto wa Jumba aliyetunziwa viatu namna hii. Kila Jumamosi navitia mafuta kwa mikono yangu."

"Nimeona," alisema Bi Ellacott. "Na shuleni wanakwenda na nini?"

Amos, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu tangu mgeni aingie, alidhani swali ni rahisi na akataka kusaidia.

"Na miguu," alisema.

Tabasamu la Bi Tidmarsh halikutoka mara moja. Lilikaa pale usoni, bila mwenyewe, wakati akitafuta kosa liko wapi. Nimemwazia mwanamke yule maisha yangu yote, na nakuambia hakuliona. Alimtazama Bi Ellacott, akanitazama mimi kana kwamba ningeweza kumfafanulia.

"Lakini vingekwisha," alisema. "Wangevimaliza."

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Nilishika pindo la koti lenye matope.

"Tumezoea, bibie. Hatuumwi. Ni leo tu, ni maji ya moto. Usituondoe, bibie, nakuomba, tuache hapahapa."

"Hapa? Kwa nini, mtoto?"

"Mlango wa wavulana uko upande wa pili."

Alielewa. Mkono wake uliokuwa unamfunga Amos mguuni kitambaa chake cha mfukoni ulisimama. Nilimngojea aseme kwamba hatatutenganisha. Nilimngojea kwa mwili wangu wote, na angeweza kulisema, watu wazima huwasemea watoto maneno kama hayo kila siku. Hakulisema. Alimaliza kufunga kitambaa.

"Siwezi kumwacha mtoto huyu katika nyumba hii," alisema.

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi ya Bi Tidmarsh, miaka na miaka, na mambo aliyoyafanya siku ile yote yalikuwa sahihi. Leo nikimkumbuka namwona ameketi na damu ya mdogo wangu juu ya koti lake, ananyamaza badala ya kunidanganya, na sijui nimwiteje.

Njiani alimfunika Amos kwa blanketi lake la safari. Amos alifurahi kupanda kigari, alihesabu kondoo, akakosea, akaanza upya. Mimi nilimshika mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Jumbani walikuwa wanatungoja kwa milango miwili iliyo wazi, na mwanamume mmoja akamchukua kwa kumbeba, kwa sababu ya miguu. Amos alinitazama juu ya bega la mtu yule.

"Dada, na usiku je?"

"Watakupa blanketi," nilisema. "Blanketi zuri."

Walitafuta nyumba nyingine. Wapo waliotaka msichana wa kusaidia kazi, wapo waliotaka mvulana wa kufukuza kunguru shambani, lakini hakuna aliyetaka wawili. Miezi ikaenda. Jumapili moja nikatazama ng'ambo ya viti nisimwone, wala Jumapili iliyofuata. Msimamizi nilimwuliza nikiwa nasugua ngazi, akafikiri kidogo.

"Amos yupi? Ah. Wale wamepelekwa Kanada, kwenye mashamba. Kuna ardhi huko isiyo na mwisho. Atakuwa bwana mkubwa yule, furahi."

Maji ya ndoo yalikuwa bado ya moto. Nilisugua ngazi zote hadi chini, kisha nikaenda nyuma ya chumba cha kufulia nikalia hadi nikatapika.

Maisha yalikwenda, maana hayana kazi nyingine. Nilifanya kazi katika majiko ya watu, nikaolewa na fundi wa matandiko ya farasi, mtu mtaratibu, nikazaa, nikazika. Nyumbani kwangu hakuna chumba cha mbele. Wanangu walivaa viatu hadi vikafa, na majirani walinisema, "Dorcas hajui kutunza kitu," nami niliwaacha waseme. Lakini kila kipupwe kilipoingia, nilipojilaza, nilisikia tumboni ile baridi ya vyura, na nikajiuliza huko Kanada kuna barafu kiasi gani.

Mwaka huu, Jumapili moja alasiri, mtu alibisha hodi. Nilifungua nikakuta mzee mnene mwenye upara, kofia mkononi, mvua inamchuruzika. Alizungumza kwa lafudhi ya mbali. Alisema ameuliza Jumbani, wakamtuma kanisani, kanisani wakamtuma kwa watu, na watu wakamtuma kwangu.

"Wewe ndiye Dorcas Pell?"

"Nilikuwa."

"Mimi ni Amos."

Nilimtazama. Nilitafuta kwake zile nywele za manjano za utotoni, kidevu cha mama, kitu chochote, nisione. Hofu ikanishika, ile ile ya zamani. Niliogopa kuamini, niliogopa kumfukuza. Nikamwuliza jina la kijiji, hakulijua. Nikamwuliza jina la yule mwanamke, hakulijua. Alikuwa amesimama pale akiizungusha kofia, mtu mzima aliyevuka bahari, na anafeli mtihani.

"Nilikuwa mdogo mno," alisema. "Kitu kimoja tu ninacho. Kuna mtu ambaye nilikuwa nikimwekea miguu tumboni. Mke wangu anasema niliota."

Nilifungua mlango wote.

"Ingia," nilisema. "Kaa hapo. Vua viatu."

"Hee! Hata chai sijapewa, dada?"

"Vua."

Akacheka, akainama kwa taabu akafungua kamba. Alivua cha kushoto akanipa, labda alidhani nataka kukiweka karibu na moto. Nilikigeuza chini juu. Misumari ilikuwa imelika yote, imebaki mashimo tu, na soli ilikuwa nyembamba upande mmoja kwa kutembelewa. Kisha akavua soksi, na pale kisiginoni palikuwa na kovu jeupe, la ukubwa wa kifungo, mahali ilipopakwa sabuni.

Nilikaa sakafuni, na magoti yangu haya. Nikaichukua miguu yake yote miwili. Ilikuwa na joto tele, miguu ya mtu mwenye soksi nzuri na mke nyumbani. Hata hivyo niliikandamiza tumboni, na Amos akaiacha hapo.